Siku tatu Dar kwa wageni wawili kutoka Dodoma: tulale upande gani?

BintiMajengo, Dodoma (Jumapili, 3 Agosti 2025)

Asalaam aleikum na habari zenu, watu wa Dar.

Mie ni mtu wa Mombasa, Majengo, ila kwa sasa niko Dodoma kikazi. Nafunga na kutengeneza mashine za maabara, kwa hiyo wiki hii niko mjini, wiki ijayo Kondoa, nyingine Singida, mkono mmoja bisibisi, mkono wa pili simu ya bosi. Kazi sina neno nayo. Watu wema, zabibu tele, baridi ya asubuhi nimeshaizoea. Lakini miezi kumi na sita sijanusa bahari. Juzi nilisimama mbele ya gunia la dagaa wa chumvi hapa sokoni (soko lenyewe nalo laitwa Majengo, kama mtaa wetu, yaani nikejeliwe kabisa) mpaka muuzaji akaniuliza kama nimeangusha kitu humo ndani.

N'na shoga yangu tunayepanga naye nyumba moja Ipagala. Mganda, wa Mbarara, nesi. Mtaa mzima unamwita Sista, nami hapa ntamwita hivyo hivyo. Maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona ni Ziwa Victoria pale Entebbe. Nikimwambia bahari ni chumvi tupu ananiuliza, "Hata katikati?"

Ijumaa hii ni Nane Nane, sote tuko huru. Tiketi za treni ya SGR tumeshakata, 31,000 kwenda na 31,000 kurudi kila mmoja. Tunashuka Ijumaa mchana, tunarudi Jumapili jioni. Baada ya nauli tumebakiwa na laki tatu na nusu kwa wote wawili, kulala na kula humo humo.

Sasa nielezeni: tulale mjini kati au tukalale ufukweni? Kisiwani kunafikika ukarudi siku ile ile bila kukimbizana? Na wanawake wawili usiku, tutembee mpaka wapi? Dar nimepita mara mbili tu, zote nikiwa kwenye basi nimelala, kwa hiyo nihesabuni kuwa siijui.

Ombi moja: msitupeleke kwenye maduka makubwa ya vioo. Hayo Sista anayaona kwenye simu.

Mzee wa Gerezani

Binti, karibu sana, na huyo Sista naye mwambie karibu.

Dar si mji mmoja. Ni miji mitano iliyoshonwa kwa foleni. Mgeni wa siku tatu akitaka Coco, Mwenge, Kariakoo, Mbezi na Kigamboni, atakachokiona ni kisogo cha dereva. Chagua kipande kimoja ukile mpaka mwisho.

Kipande changu ni mjini. Laleni Kisutu au Mtendeni, si mbali na stesheni, msitozwe teksi ya bure. Asubuhi shukeni mpaka barabara ya Sokoine, mtazame Boma la Kale, lile la mawe ya matumbawe la tangu enzi za Sultan Majid, miaka ya 1860, Dar ikiwa bado inaanza kuota meno na kijiji jirani kikiitwa Mzizima. Mbele kidogo kuna Mtakatifu Joseph, halafu Azania Front lenye mapaa yake mekundu, makanisa mawili ya wakati wa Mjerumani yanayotazama maji yale yale. Kisha Sanamu ya Askari, iliyosimama pale tangu 1927. Wengi huipiga picha kisha wakaondoka. Wewe zunguka usome maandishi. Kuna Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na yanawataja pia wapagazi waliobeba mizigo ya vita vya Waingereza. Kambi ya wapagazi hao, Carrier Corps, ndiyo iliyozaa jina la Kariakoo. Babu yangu alikuwa mmoja wao, alirudi na koti moja na kikohozi.

Makumbusho ya Taifa msiyaache. Fuvu la Zinjanthropus, lile alilolifukua Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959, ni mali ya makumbusho hayo. Kuna pia magari ya Mwalimu. Kwa saa mbili mtakuwa mmemaliza.

Kaka wa Mbezi

Mzee shikamoo, lakini watoto wa watu wanakuja kupumzika, wewe unawapeleka kusoma mawe!

Dada, nenda Mbudya. Unafika Kunduchi asubuhi, unapanda boti, muda mfupi tu uko kisiwani. Mchanga mweupe, vibanda vya makuti, unachagua samaki anachomwa unamwona. Kuna kiingilio cha hifadhi ya bahari na nauli ya boti, waulize kabla hamjapanda. Ondokeni mjini saa mbili, saa nne mko majini. Jioni pitieni Coco mle mihogo ya kukaanga na chachandu. Hapo ndio utasema umefika Dar.

Mama Kibua

Nimecheka. Kaka wa Mbezi huyu hajawahi kukaa foleni ya barabara ya Bagamoyo na mgeni mwenye treni ya kuwahi.

Mwanangu, mimi nakaanga samaki hapa Feri mwaka wa kumi na tisa, nalala Kigamboni. Nisikilize. Ijumaa laleni mjini, mumfurahishe Mzee na mawe yake. Jumamosi asubuhi na mapema njooni Feri, mnada haujapoa. Usinunue kwa mtu wa kwanza, hata akikuita dada yake wa toka nitoke. Fungua mashavu ya samaki, yawe mekundu, jicho liwe limejaa, si limezama. Ukishanunua kuna vijana wa kuparua, hao wana hela yao, na sisi wa kukaanga tuna hela yetu. Patana kabla kisu hakijashuka. Watu wanagombana hapa kila siku kwa sababu walidhani bei ni moja.

Mkishakula, vukeni na pantoni mje Kigamboni. Nauli ni mia mbili, na uwe na kadi, hiyo N-Card, wanauza hapo hapo. Ng'ambo mkipata bajaji mpaka Mjimwema mtakuta mabanda ya makuti ya kulala, bei mnayoiweza. Bahari mlangoni. Kisiwa cha nini tena?

BintiMajengo

Mama, nimekupenda. Na Mzee, shikamoo, hayo mawe ntayasoma, babu yako umenigusa.

Kaka wa Mbezi, usinune, lakini hebu inua kichwa utazame mwezi. Tarehe 9 ni mpevu. Hilo ni bamvua, kaka, maji hujaa sana na kupwa sana. Saa nne asubuhi maji yatakuwa yamekupwa mpaka mwisho, utuambie tuogelee kwenye mawe? Bamvua ufukwe wetu huu maji hujaa kwenye saa kumi jioni, na saa kumi jioni mtu wa Mbudya anatafuta boti ya kurudi. Ningekuja wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, ningekusikiliza.

Mama Kibua, hapo mia mbili nimeshtuka kidogo. Sisi kwenye feri ya Likoni, Mombasa, mtu wa miguu anavuka bure tangu tuzaliwe!

Kaka wa Mbezi

Sawa, mtaalamu wa bahari kutoka Dodoma 😂

Temeke Stendi

Hakuna aliyewaambia kuhusu CHAN, mashindano ya mpira ya Afrika? Jumamosi usiku Taifa Stars wanacheza na Madagascar uwanja wa Mkapa. Kuanzia jioni barabara ya Kilwa na Mandela msizisogelee. Na msije mkaambiwa mzunguke Daraja la Nyerere kwenda Kigamboni, daraja linaanzia Kurasini, mtaingia kwenye foleni ya mashabiki mkakaa humo mpaka mpira uishe. Vukeni na pantoni mchana mkae huko huko.

Kuhusu usiku: Kisutu watu wako nje mpaka usiku mwingi, kuna kuku wa mkaa, mishkaki, familia na watoto. Shida ni simu. Usiishike mkononi ukitembea kando ya barabara, wa pikipiki wanapita nayo. Ingia dukani, tazama ramani, irudishe kwenye mkoba, toka.

BintiMajengo (Jumatatu, 11 Agosti 2025, usiku)

Tumerudi. Nimechubuka mabega, Sista ana mchanga masikioni, na n'na madeni mawili: kushukuru na kukiri kosa. Naanza na kushukuru.

Treni sina la kusema. Sista alikaa dirishani, akafurahi mpaka kwenye mahandaki ya Kilosa, kila tukiingia gizani ananifinya. Gesti ndiyo iliyotuangusha. Jina silitaji. Tuliweka chumba cha vitanda viwili kwa simu, kufika tunaambiwa kimeshachukuliwa, kimebaki cha kitanda kimoja cha futi nne. Futi nne, Sista na mie, na mie ndio mwembamba kati yetu. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma vizuri sana, ubaridi tu ndio hakitoi. Tukafungua dirisha, tukalala na adhana, honi na mtu aliyekuwa anauza kitu sikukijua mpaka saa sita usiku.

Lakini kabla ya hapo. Ijumaa ile ile Uganda walikuwa wanacheza na Guinea, nasi tukakaa kwa muuza kahawa mwenye televisheni ndogo, wazee pembeni wanacheza drafti. Goli la kwanza Sista akapiga kigelegele. La pili akasimama. La tatu mzee mmoja akaweka kete chini akasema, "Huyu binti Mganda mpeni kashata, bure." Basi tatu bila, na kashata mkononi. Tangu hapo Dar kwa Sista ni mji wa watu wastaarabu, hata umwambie nini.

Harufu sasa. Nilidhani ntainusa nikishuka tu stesheni. Wapi! Stesheni kunanuka dizeli na chipsi. Kisutu kunanuka mkaa na ndimu. Nikaanza kuona nimejidanganya. Jumamosi alfajiri tunateremka kuelekea Kivukoni, bado giza giza, upepo wa kusi ukageuka mara moja tu, ukaja na ile kitu: mwani uliolala juani, kamba za nailoni, samaki wa jana, mafuta ya mashine. Si harufu nzuri, tusidanganyane. Mtu mwingine angeshika pua. Mie nilisimama katikati ya njia na mkokoteni wa barafu ukanipigia kelele. Sista akanivuta mkono, hakuniuliza kitu.

Feri nilimtafuta Mama Kibua, nikauliza, nikaonyeshwa akina mama kumi na wote wakasema ni wao. Mama, kama ni wewe uliyevaa kanga ya njano ukaniambia "kaa hapo usiungue," basi tumeonana. Nilipekua mashavu ya samaki mpaka kijana mmoja akasema, "Dada wa Tanga, utamuoa huyo?" Kila mtu Dar aliniuliza kama natoka Tanga au Unguja. Nikisema Mombasa wananiambia niseme "tuktuk", yaani bajaji kwa kwetu, wacheke. Nikasema, wakacheka, wakanipunguzia. Changu wanne wakubwa, 12,000 baada ya kuvutana.

Na Sista naye akapata wake. Mama mmoja wa ndizi alimsikia anaongea na simu kwa kwao, akadakia kwa Kihaya, na wakaelewana! Kumbe Kihaya na Kinyankole ni ndugu. Dakika ishirini wanazungumza senene: kwao wanakaangaje, wanang'oa mbawa kwanza au miguu kwanza, mwaka huu watakuja wengi? Mie nimeshika samaki wangu wanachuruzika miguuni.

Mzee wa Gerezani, nilisoma Askari kwa Kiswahili na Kiarabu, nikazunguka mara mbili. Wapagazi nimewaona. Makumbusho tulipita haraka kuliko ulivyotaka, saa moja na kidogo, lakini kuna mahali sikuweza kupita haraka. Kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani, 7 Agosti 1998. Sisi Kenya tukisema siku ile tunasema Nairobi, zaidi ya watu mia mbili, na Dar tunaitaja kama mkia wa sentensi. Watu kumi na mmoja walikufa hapa, asubuhi ile ile. Na tulikuwa pale tarehe 9, siku mbili tu baada ya siku yenyewe. Sista aliniambia twende, nami nikasema ngoja.

Pantoni. Sista alikuwa ameshika kiwiko changu kwa nguvu ya mtu anayetafuta mshipa wa damu. Akauliza majaketi ya kujiokolea yako wapi, nikamwonyesha. Akahesabu majaketi. Akahesabu watu. Akanyamaza. Mwenyewe nilikuwa natabasamu kama mwehu, maana ile njia ya watu kuanza kutembea kabla mlango haujagusa chini ni Likoni kabisa, ndoo kichwani, baiskeli, mtu na kuku wake. Mia mbili nimelipa kwa moyo mkunjufu.

Mjimwema tulipata banda la makuti kwa 50,000, chandarua kizima. Saa kumi maji yalikuwa yamejaa kama nilivyosema (Kaka wa Mbezi, soma mstari huu mara mbili), yamepanda mpaka kwenye ngazi za mbao. Sista alivua viatu, akaingia mpaka kwenye vifundo, akachovya kidole, akalamba. Akatulia. Akachota kwa kiganja, akanywa funda, akatema, akanitazama kama vile mie ndiye niliyeitia chumvi.

"Dripu ya chumvi ni asilimia 0.9," akasema. "Hii je?"

Nikatafuta kwenye simu: kama 3.5.

"Karibu mara nne!" Akageuka akaitazama bahari yote mpaka kule meli zinakongojea kuingia bandarini. "Nani anawapa hawa samaki maji ya kunywa?"

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina.

Usiku tuliangalia Stars kwenye kibanda umiza karibu na barabara. Mabenchi ya mbao, joto, turubai. Mzize mawili, Madagascar wakarudisha moja, halafu mpaka mwisho mtu hapumui. Mbili moja. Sista alikuwa ameshajifanya Mtanzania, na mie nilikuwa naangalia, ila nilipiga makofi, naapa nilipiga.

Jumapili asubuhi ndiyo niliyoipenda. Nilimwamsha saa tatu na nusu nikamwambia njoo uone. Akatoka, akapiga hatua tano, akasimama. Bahari haipo. Mchanga, mawe, madimbwi, na mstari mweupe mbali huko mwisho wa macho. "Imeenda wapi?" Yaani kwa sauti ya zamu ya usiku, mgonjwa hayupo kitandani. Nikamwambia imekupwa, itarudi. "Nani kasema itarudi?"

Tulitembea humo. Kinamama walikuwa wametawanyika kwenye mawe, kanga zimefungwa juu ya magoti, kila mmoja na kijiti chake cha chuma na ndoo. Bamvua ndio siku zao, miamba inakuwa wazi. Mmoja alichokoa shimo ambalo mie nilishalipita nisilione, akachokoa tena taratibu kama anayemwamsha mtoto, na mkono mmoja wa pweza ukatoka ukakishika kijiti. Akavuta. Pweza akaja na jiwe zima. Akamgeuza kichwa kwa kidole gumba, akamaliza, akampiga kwenye mwamba, mara nyingi, bila haraka, huku anatuuliza tumetoka wapi. Tukamnunua yule yule. Alichemshwa kwa saa nzima na ndimu na bado alikuwa anapigana na meno.

Sasa kosa.

Kenya na Morocco walikuwa wanacheza Jumapili hiyo hiyo saa tisa alasiri, Kasarani. Treni ni jioni. Sista alisema, "Tuondoke saa tisa." Nikasema kipindi cha kwanza tu. Ogam akafunga kabla ya mapumziko. Utaondokaje hapo? Nikasema dakika kumi za kipindi cha pili. Na sisi tulikuwa kumi uwanjani, mmoja ameshatolewa kwa kadi nyekundu! Kibanda kizima vijana wanaishangilia Morocco ili kunichokoza, na mie nimesimama juu ya benchi, mwanamke mzima, nimeshika kichwa. Sista amekaa nje juu ya begi, ananiletea ujumbe kwenye simu: "Saa kumi." "Saa kumi na robo." "Mimi naenda." Hakwenda. Moja bila mpaka filimbi ya mwisho.

Bajaji iliruka mashimo yote. Pantoni, Jumapili jioni, Dar nzima inarudi kutoka ufukweni. Sijaona watu vile tangu Idi ya Likoni. Pantoni ya kwanza ikajaa mbele ya macho yetu. Sista hakunisemesha, na Mganda akinyamaza ni bora akupige. Ya pili tukaingia, nikiomba dua zote ninazozijua na mbili za kwao. Ng'ambo tukachukua gari, dereva anasema "mtawahi, mtawahi," na anasimama kwenye kila taa. Stesheni tulikimbia na mabegi, tulipofika mlangoni kulikuwa na watu wanne mbele yetu na nyuma yetu hakuna mtu. Kidogo tu tungelala Dar kwa lazima.

Tumekaa, tumepumua, Morogoro imeshapita, ndipo Sista akanena neno la kwanza: "Samaki wako wapi?"

Nilikuwa nimekaangisha changu na kibua wa kuleta kazini, mfuko mzima. Umebaki kwenye bajaji ya Kigamboni.

Temeke Stendi

Niliwaambia kuhusu Stars, sikujua mwenye ugonjwa wa mpira ni wewe. Hongera kwa ushindi wenu, lakini mkija kukutana na Stars tutaelewana vizuri.

Mama Kibua

Kanga ya njano ni mimi, nilikuona ukipekua mashavu nikasema huyu kafundishwa. Samaki usiwalilie, yule wa bajaji ana watoto, samaki wameshaliwa. Nitakukaangia wengine ukija, safari hii uwafunge kiunoni.

Mzee wa Gerezani

Saa moja na kidogo Makumbusho? Na dakika tisini kwenye kibanda umiza. Haya binti, nimesikia. Mara nyingine mlete Sista kwangu, nitamwonyesha Boma la Kale mwenyewe, wewe ukae na simu yako.

Kaka wa Mbezi

Mstari nimeusoma mara mbili. Maji yalijaa saa kumi. Nimekubali.

BintiMajengo

Ahsanteni sana, nduguzanguni. Mzee, Boma ni kweli tulilipita nje tu, nilikuwa nakimbilia samaki, nisamehe.

Sista bado ananiuliza ile bahari iliyoondoka itaondoka tena lini, anataka kuiona mwanzo mpaka mwisho, akae na kiti. Nimemwambia mwezi mchanga ni tarehe 23, Jumamosi. Leo asubuhi ameshaomba kubadilishiwa zamu.